Mwanafunzi wa Kumi na Tano

Katika shule aliyosoma msichana Kalina, kwenye mji mdogo wa Poland, darasa la fizikia halikuwa likifunguliwa bila wanafunzi kumi na watano. Mwaka huo wangetimia, kwa sababu Bogna, rafiki yake Kalina tangu chekechea, aliahidi kujiandikisha.

Ijumaa orodha ikabandikwa. Fizikia ilikuwa na majina kumi na manne, na ilikuwa imekatwa kwa mstari: darasa limefutwa. Bogna alikuwa kwenye baiolojia.

"Mama anataka niwe daktari wa meno kama yeye," Bogna alisema huku akitafuna tufaha. "Usininunie, bwana. Njoo huku, utazoea."

"Mimi nilitaka kujenga madaraja."

Kalina akajaza fomu ya baiolojia. Mwalimu akamuuliza kama angependa kukaa dawati moja na rafiki yake.

"Rafiki gani?" akajibu.