Mteremko wa Wageni

Fundi mwashi alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa hospitali, akilainisha zege la mteremko mpya wa viti vya magurudumu kwa mwiko, mkewe alipofika na kiti chake cha magurudumu na kusimama pale pale alipofia, chini ya ngazi. Msimamizi wa ujenzi alimtazama, akakuna kidevu.

"Fundi, huyu ni wako?"

"Mama watoto. Alifariki mwaka juzi, hapo hapo, akingoja watu wa kumbeba."

"Pole. Basi mwambie asipite kwanza, zege bichi hilo."

"Nimesikia," mkewe akasema. "Miguu ndiyo iliyogoma, siyo masikio."

Mji ulikuwa unapokea mashindano ya dunia ya wanamichezo wenye ulemavu. Wakubwa, ambao miaka nenda rudi waliapa kwamba hakuna fungu la mteremko hata mmoja, waliamka asubuhi wakiwa na saruji, nondo na huruma. Hospitali hii ilipangiwa kupokea wachezaji watakaoumia. Fundi alikuwa ameshindilia kifusi kama mtu anayejenga nyumba ya kuzeekea.

Zege lilipokauka, mkewe alipanda. Nyuma yake wakaja wengine waliofia chini: wenye magongo, na mzee mmoja aliyeletwa kwa toroli. Walitoa ubaridi wa chumba kilichofungwa siku nyingi. Wakapanga foleni pamoja na wachezaji. Mrusha mkuki mmoja, mgeni, alisogeza kiti chake ili mke wa fundi apate kivuli.

Nesi aliwaita kwa zamu, wazima na wafu.

"Presha yako iko chini sana, mama."

"Ndiyo maana nimekuja, mwanangu."

Daktari akamwandikia sindano, kila siku moja. Akizimaliza atapumzika, hatahitaji kurudi tena. Mashindano yalipofungwa, ilikuwa imebaki ya mwisho.

Jioni hiyo bendera ziliteremshwa, na msimamizi akaja na vijana wenye nyundo.

"Mteremko ulikuwa wa wageni, fundi. Hapa wakubwa wataegesha magari."

"Niachie mpaka kesho tu, bosi. Kabakiza sindano moja."

"Ningekuwa mimi ndiye mwenye neno, ungebaki. Amri imetoka juu."

Na huko juu hakuna aliyewahi kupanda ngazi kwa makalio.

Kesho yake, mteremko ukiwa umeshavunjwa, nesi alisimama mlangoni, akaita. Fundi aliinama ili ambebe mkewe kama zamani. Hakunyanyulika. Alipokuwa hai alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Sasa alikuwa na uzito wa udongo wote waliomfukia nao. Fundi akajaribu tena, mgongo ukalia.

"Acha, baba watoto. Utaniletea ujane huku nilipo."

Nesi akaita mara ya pili.

"Nipo!"

"Anayehudumiwa ni aliyepanda, mama," nesi akasema kwa upole, akaita anayefuata. Anayefuata naye alikuwa chini.

Gari la mkubwa likafika kuegesha. Dereva akapiga honi mara moja, kwa adabu, na wafu wakasogeza viti vyao.