Moshi wa Ummukulthum

Jumatano ya tarehe kumi na mbili Novemba, saa tatu na robo asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Mung'aro alikuwa amesimama mlangoni na ufagio wake, akiwatazama wageni kumi na wanane walivyokikodolea macho kioo cha kompyuta. Kwenye kioo palikuwa na mstari mwekundu uliopanda na kushuka, kama safu ya vilima vionekanavyo kwa mbali asubuhi ya ukungu. Wakatoa sahani ya sampuli mashineni, wakatia nyingine. Vilima vilevile. Maji ya mikoko ya Pemba, vilima vile. Tope la mto wa Kongo, vilima vile. Chumvi iliyokuja kwa ndege kutoka nchi ya baridi, nayo ikachora vivyo hivyo, kana kwamba dunia nzima imelala ikaota ndoto moja.

Wageni hawa walikuwa watafiti, watu waliosoma wakamaliza na bado wakaja kusoma tena. Kozi yao ilikuwa ya wiki mbili, ya kupima vitu kwa mwanga: kitu kinamulikwa, kinanyonya mwanga kwa namna yake, na mashine inachora kilichonyonywa. Kila mmoja alikuja na vijichupa vya kwao, kazi ya mwaka, na wengine kazi ya miaka mitatu. Taasisi iliyowaita ilikodi jumba la kale la ghorofa mbili upande wa Makadara, katika mji wa pwani, kwa kuwa kuta zake nene hazipitishi joto, na pamoja na jumba ikamkuta Mung'aro, aliyelifagia kwa miaka kumi na tisa.

Mkuu wa kozi, Daktari Ogutu, alijipangusa jasho akasema mashine imekufa. Fadhiya, binti wa Kipemba mwenye yale maji ya mikoko, alisogea mezani. Aliinua sahani moja, akaisogeza puani, akafumba macho.

"Mashine ni nzima, Daktari," akasema. "Haya maji yananukia bi harusi."

Mung'aro akajua. Akauegemeza ufagio ukutani.

Jumanne jioni Ogutu alikuwa amemwambia, akishuka ngazi na simu sikioni, kwamba kesho wafadhili wanakuja, chumba kiwe tayari kwa wageni. Basi, hilo tu. Na chumba cha wageni Mung'aro anajua kinavyotayarishwa. Mtu hapokewi kwa harufu ya mtaro na dawa. Alfajiri alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi, akazunguka polepole: chini ya meza, nyuma ya mapazia, ndani ya makoti meupe yaliyotundikwa, moja moja, mpaka mikono ya makoti ikajaa moshi kama iliyovaliwa na watu wasioonekana. Sahani zilikuwa zimeanikwa wazi mezani zikauke. Nazo akazipitishia chetezo. Onyo la kukataza moshi na manukato lilikuwa limebandikwa mlangoni, refu, kwa Kiingereza. Mung'aro aliacha shule darasa la tatu. Wafadhili walikuja saa mbili, wakanywa chai, wakaisifu harufu, wakaenda zao.

Oloo, bawabu, alimpokea getini kwa kicheko. Akamwambia, mzee, umeyaoza maji ya bahari, na mahari yake je, nani atakuletea? Mung'aro alipita asicheke.

Udi ule haukuwa wa dukani. Aliupika mkewe, Ummukulthum, kwa sukari na unga wa liwa, ule mti wa kunukia, na marashi ya mawaridi, juu ya jiko la makaa. Miaka miwili sasa tangu afe. Alikufa akingoja damu katika hospitali ambayo wakubwa wake wote, siku hiyo, walikuwa kwenye semina. Neno hilo, semina, lilimkaa Mung'aro kooni kama mwiba wa samaki. Kila amwonapo mtu mwenye kitambulisho shingoni, hukunja uso. Lakini hawa waliotoka mbali hawakumnyima mkewe damu, wakubwa ndio. Kwa hivyo aliwachomea vipande vinne, akabakisha kimoja. Hicho alikiweka kwa siku ya kufa kwake mwenyewe, waifukizie sanda yake, amwendee mkewe akinukia nyumbani.

Alipoulizwa alisema kweli, udi ni wa marehemu mkewe na kimebaki kipande kimoja. Na hicho kimoja ndicho walichokitaka.

Ogutu alimweleza akiwa amekaa, Mung'aro amesimama. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa mezani baina yao. Wakiupata udi uleule watauchoma, watanasa moshi wake mtupu kwenye karatasi ya kuchujia, wataupima peke yake, kisha watautoa kwa hesabu katika kila sahani, na kazi za watu zitapona. Udi mwingine haufai. Ikifika kesho saa sita hawajaupata, sahani zitamwagwa.

"Na barua?" Mung'aro akauliza.

"Tutaona, mzee."

"Mlibandika karatasi pale mlangoni. Nimefagia mbele yake wiki nzima. Kuna hata mmoja wenu aliyesimama akanisomea?"

Ogutu akaivuta barua upande wake wa meza.

Fadhiya alimfuata hadi barabarani, kwenye jua kali.

"Ami, usiulete kwa ajili ya Daktari," akamwambia. "Wala kwa ajili yangu. Mikoko yetu ipo, nitakwenda nichote tena."

"Na yule wa Kongo?"

Fadhiya akatikisa kichwa. "Yule hawezi kurudi alikochota. Pana vita."

Adhuhuri ile Mung'aro alikaa kitandani na kile kipande kiganjani, cheusi, kizito kuliko umbo lake. Alikinusa mpaka pua ikachoka isisikie kitu. Alijiona amelala ndani ya nguo nyeupe isiyo na harufu yoyote, na Ummukulthum akipita kando yake asimjue.

Alhamisi saa nne alikuja nacho. Alitaka jambo moja tu: akichome yeye. Wakampisha. Alipuliza makaa, akakiweka, na moshi ukainuka taratibu, ukajikunja, ukaingia kwenye kijibomba chao chenye karatasi ya kuchujia kama mtu anayeinama kupita mlango mfupi.

Kisha kioo kikaanza kuchora.

"Tazama, Ami," Fadhiya akamwambia, akionyesha kwa kalamu. "Hapa ni sukari iliyoungua. Hapa udi wenyewe. Hiki kilima kipana ni liwa."

Mung'aro akatazama. Mstari ulikuwa unatembea, naye akatembea nao, akapanda, akashuka, na katika kila bonde akaona jikoni kwake: kijiko cha mbao, mkono wenye hina iliyofifia, leso iliyofungwa kiunoni. Hakujua kwamba mtu aweza kuchorwa hivi, bila uso. Nyuma yake walianza kutoa hesabu, na katika sahani moja baada ya nyingine vilima vikazama, na chini yake kila maji yakarudia sura yake, hata tope la Kongo. Yule kijana wa Kongo alijifunika uso kwa viganja. Ogutu aliikunja barua, hakuichana, akaitia mfukoni, akaenda kunywa chai.

Ukabaki mstari wa Ummukulthum peke yake kiooni. Na pembeni mwake, mbali na vilima vyote, palisimama kilele kimoja chembamba, kirefu. Mashine ilikitafuta kati ya maelfu ya vitu inavyovijua, haikukijua. Wageni wakasogea, wakabishana kwa lugha zao. Fadhiya akageuka.

"Ami, hapa mama alitia nini?"

Mung'aro alikumbuka. Miaka thelathini na moja, kila sukari ilipoanza kuwa nyekundu, Ummukulthum alikuwa akimwambia, hebu nenda Biashara Street ukanitazamie leso mpya, naye alikwenda, na akirudi hukuta sufuria imeshateremshwa na mkewe amekaa mlangoni anajipepea. Alidhani anapenda leso.

Kalamu kumi na nane zilikuwa zikimngoja. Yeye alikisogelea kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu, akasema polepole, kama anavyosemeshwa mtu aliye chumba cha pili, "Ummu, hapa ulitia nini?"