Boriti Nne za Ninfa

Kule kijijini Cañada Honda nyumba za udongo hugawanywa kwa boriti za dari. Mama mkwe wa Eufelia alipofariki, sebule yake ilikuwa na boriti nane: nne za upande wa mlango akapewa mwanawe Onofre, nne za upande wa jiko la kuni akapewa binti yake Ninfa. Kishubaka cha mtakatifu kilikaa katikati kabisa, nusu huku, nusu kule. Halafu Onofre naye akafa, wakabaki mjane wake Eufelia na wifi yake Ninfa, ukuta mmoja na chuki moja.

Kabla hajakata roho, Onofre aliweka nadhiri kwamba mwaka huu sanamu ya Mtakatifu Isidro, mlinzi wa wakulima, ilale kwenye kishubaka kile usiku wa sikukuu yake. Eufelia aliibeba nadhiri ile kifuani kama jiwe. Alichimba udongo mweupe, akauchekecha, akaukoroga na uji wa ngano, akausugua ukutani kwa ngozi ya kondoo hadi upande wake ukang'aa kama ganda la yai.

Ninfa akaja na ndoo ya dukani. Rangi ya pilipili iliyokaushwa. Aliibandika kwa sifongo ili ukuta uparuze, kama hoteli za mjini Santa Fe, maana alitaka kupangisha wageni.

"Wifi, umepaka rangi au umepigana na paka?" Eufelia aliuliza.

"Afadhali paka. Huko kwako ni wodi. Mtu atalala mzima aamke kapasuliwa."

Kishubaka ndicho kilichowatoa roho. Asubuhi cheupe, mchana chekundu, jioni cheupe tena, mpaka kikawa kama kidonda kinachochokonolewa.

Siku ya mkesha akaja mzee Tranquilino, anayeongoza sala na kushika funguo za kanisa. Alisimama pale weupe ulipokutana na wekundu, akatikisa kichwa.

"Mtakatifu hashushwi kwenye nyumba iliyonuniana," alisema. "Ukuta huu unawasema. Kesho jioni nikiukuta hivi, tunampeleka kwa kina Baldonado."

"Mpelekeni," Ninfa akajibu. "Kwani nilimwalika mimi?"

Mzee alipoondoka, Eufelia akaenda kugonga mlango wa wifi yake.

"Nipe rangi iliyobaki. Nitaufuta weupe wangu."

Pengine Ninfa aliyasubiri maneno yale tangu Onofre amlete mwanamke huyu nyumbani. Akabeba ndoo, akaimwaga yote kwenye samadi ya kuku, polepole, wifi yake akiangalia.

"Imekwisha, wifi. Waambie kina Baldonado wakuwekee maharage ya sikukuu."

Eufelia alichukua sepetu, akapanda nyuma ya makaburi, pale barabara ilipokata kilima na udongo ni mwekundu. Aliukoroga, akapaka tone ukutani, akangoja likauke, maana udongo mbichi ni mwongo. Likatoka jeusi kama maini. Akaongeza udongo wa manjano, likawa chungwa. Akatia majivu kidogo. Hilo la mwisho alipolitazama kando ya rangi ya Ninfa, lilimpotea machoni. Akakatakata mabua ya ngano, akatia, akaubandika juu ya weupe wake kwa gunia lililokunjwa ili uparuze vilevile. Mabega yalimwaka moto. Alimaliza kishubaka, akaukausha ukuta kwa moto wa kuni, na kesho yake kengele ilipolia ulikuwa umekauka.

Watu wakaja na mtakatifu mabegani. Mzee Tranquilino aliupitisha mkono ukutani kutoka mlangoni hadi jikoni, nao mkono haukukuta kiungo popote.

"Aingie," alisema.

Ninfa aliingia mwisho, kajitanda shali nyeusi. Alitafuta ule mpaka wa rangi. Akarudi nyuma, akasogea, akapapasa kwa kidole, kisha akainama sikioni mwa Eufelia.

"Ukuta wangu unaanzia wapi?"

"Hesabu boriti, wifi. Lakini piga magoti kwanza, unamziba mtakatifu."

Ninfa akapiga magoti. Sala nzima macho yake yalikuwa darini, midomo ikichezacheza, na waliokuwa karibu naye wakadhani anasali.