Mfungo na Kifungo

Tangu alfajiri Harjit hakutulia. Alifungua duka la vifaa vya ujenzi kabla ya saa zake, akafagia palipokwisha kufagiliwa, akampigia mumewe simu mara tatu na lori lake halijafika hata kijiji cha Kakuyuni. Ilikuwa siku ya Karva Chauth, ambapo wake wengi wa Kihindu hawali wala hawanywi mpaka mwezi uchomoze, wakiwaombea waume zao umri mrefu.

Harjit hakuzaliwa Mhindu. Alikuwa Kalasinga, na marehemu baba yake alizoea kusema, "Sisi hatufungi, binti yangu. Mwenye njaa tunampa chakula." Lakini aliolewa na Vinod, na kwa miaka minane akafunga kama alivyofunga mama mkwe wake, Nirmala, enzi za mumewe. Hakuna aliyemlazimisha. Hakuna aliyemuuliza pia.

Mwaka jana, wa tisa, kiu ilimshinda. Alinywa gilasi moja ya maji jikoni, peke yake. Wiki mbili baadaye lori la Vinod likapinduka njia ya Vitengeni, mguu ukavunjika mahali pawili. Habari ya maji hakumwambia mtu. Na leo Vinod alikuwa njia ile ile, na shehena ya mabati.

Adhuhuri kichwa kikaanza kumzunguka. Mteja alitaka kilo mbili za misumari, akampimia tano. Kahaso, msaidizi wake dukani, akamshika mkono.

"Mama, utaanguka. Kaa."

"Nikikaa nitawaza."

Kahaso akaenda nyuma kumwita Nirmala. Bibi huyo alikuja polepole, akamtazama mkwewe, na Harjit akayamwaga yote: kiu, gilasi, lori.

Nirmala hakumlaumu. "Mimi nilifunga miaka ishirini na sita, sikuonja hata tone," alisema. "Mume wangu akafa akiwa na miaka arobaini na minane. Niambie, nilikosea wapi?"

Harjit akakazia macho misumari kwenye mizani.

"Nilifunga kwa kuwa niliipenda siku ile. Nilipenda kumuwaza mchana kutwa. Wewe unafunga kwa woga. Huo si mfungo, mwanangu, ni kifungo."

Harjit akala, chapati mbili na dengu, macho barabarani. Tumbo likatulia, moyo ukakataa. Saa tisa simu ya Vinod haikupatikana. Saa kumi, vivyo hivyo. Alikwenda mlangoni akarudi, akaenda akarudi. Mara akajilaani kwa kula, mara akajilaani kwa kujilaani.

Lori liliingia jua likizama. Vinod akashuka akichechemea, vumbi mpaka kwenye nyusi. Simu ilikuwa imeisha chaji, basi.

"Leo nimekula," Harjit alimwambia kabla hajanawa.

Vinod, aliyekuwa akiucheka mfungo kila mwaka, safari hii hakucheka. "Nilizoea kujua kuna mtu ananingoja," alisema bila kumtazama.

"Nimekungoja. Nimekungoja nimeshiba, na sijapata kungoja kwa taabu namna hii."

Vinod akakaa juu ya mfuko wa saruji. "Na mwakani?"

"Mwakani sijui. Nikitaka nitafunga. Nisipotaka nitakula, nawe usinihoji."

Uso wa Vinod haukukunjuka mara moja. Alijipangusa vumbi, akasogea kidogo, akampisha nafasi juu ya ule mfuko. Harjit akakaa.