Lori Lililorudi Tupu

Jumatatu, tarehe 12 Agosti 1974, jua halijapanda, lori la operesheni ya kuhamishia watu vijiji vipya lilifika kijijini kwa kina Rehani, upande wa Handeni. Mkewe Swaumu alikuwa na kichomi, hata kukaa hawezi. Wakapakiwa hivyo hivyo, pamoja na kinu, kuku na mlango. Nyuma yao nyumba zikatiwa moto ili mtu asirudi.

Majirani wakagawanywa, hawa huku, wale kule. Rehani akashushwa katika kijiji kipya, kati ya watu asiowajua, penye nguzo iliyochomekwa chini. Akaambiwa hapo ndipo kwake. Akamwomba bwana wa operesheni lori likirudi Korogwe limfikishe Swaumu hospitali.

"Mzee, hili ni la kuhamisha watu," bwana yule alisema. "Si la wagonjwa."

Alasiri Swaumu akafa. Wanaume wa jirani walisaidia kuzika, wakarudi kwenye nguzo zao, maana nao hawakuwa na pa kulala.

Kwao Rehani, mfiwa hawashi moto. Majirani ndio wanaopika, na watani wanamtania mpaka ale. Basi Rehani hakuwasha. Alikaa juu ya mlango wake na njaa yake. Swaumu alipika kwenye matanga ya watu wote, leo yake hayana hata mtu wa kulia.

Jua likizama wakaja marehemu wa kijiji cha zamani, kwa miguu, na kuni na maji vichwani. Mbele yao Hiza, mtani wake, aliyekufa mwaka wa njaa.

"Tumechelewa. Tulipitia kwenu kwanza, tukakuta majivu." Akamtazama Rehani. "Umekonda wewe. Watu watashindwa kujua yupi marehemu."

"Swaumu mmemwona?"

"Bado mgeni kule. Mama yako amempokea, anamsuka."

Rehani akacheka, kisha akalia, nao wakalia naye. Sufuria tu hawakuwa nayo. Dorkasi, Msambaa wa Bungu aliyeshushwa nguzo ya pili, akaleta yake.

"Pole, baba. Hatukujua kwenu mnafanyaje. Wageni wako wanakula mchicha?"

"Wanakula, mama. Ahsante."

Kesho yake bwana wa operesheni akapita. Akasema hawa si wa kijiji hiki, warudi walikotoka.

"Kwa lori gani?" Hiza akauliza.

Bwana akatazama saa yake, akaondoka.

Siku ya kuondoa matanga marehemu walifagia uwanja, wakamsimamishia Rehani mlango wake, ingawa nyumba ilikuwa bado. Akawashukuru mmoja mmoja kwa jina, wakaenda zao. Tangu hapo Dorkasi humletea kaa la moto kila asubuhi, naye humshukuru vilevile.

Lakini kila mkutano wa kijiji Rehani husimama na swali lake, na kila mara wakubwa humwambia akae, litajibiwa. Lori lilirudi Korogwe tupu. Lingepungukiwa nini kama lingembeba Swaumu?