Ua la Mama Yake Miwani

Nilishona magauni miaka ishirini kabla ya kuajiriwa kushona majani. Usicheke. Katika ofisi yetu ya mimea iliyokaushwa, kila mmea hushonwa kwa uzi juu ya karatasi ngumu, hupewa jina, kisha hufungiwa kabatini pamoja na ndugu zake. Sindano ilikuwa kazi yangu. Majina yalikuwa kazi ya bosi, tuliyemwita Miwani kwa sababu alikuwa na miwani jozi tatu na bado kila asubuhi aliitafuta.

Alipoanza kazi, Miwani alimwahidi mama yake kwamba akipata mmea usiojulikana na mtu, ataupa jina la mama huyo. Miaka thelathini na miwili ikapita. Bibi akafika tisini, na kila Jumapili alimuuliza mwanawe kama mmea wake umeshaota.

Ndipo likaja lile ua. Lilikuwa la zambarau, dogo kuliko punje ya mchele, limechomoza katikati ya majani ya mviringo yenye manyoya. Miwani alipekua vitabu wiki tatu. Ua lilimpeleka ukoo huu, majani yakamvuta ukoo mwingine. Hakuna mmea duniani wenye vyote viwili, akasema, na macho yakamlowa. Ijumaa akampigia mama yake simu kwamba amelipata.

Jumatatu akaniletea nilishone. Nikaanzia mzizini, kama kawaida yangu, kisha nikaweka sindano chini. Mshonaji hadanganyiki na kiraka. Palikuwa na kinundu, na pale penye kinundu mzizi mmoja ulikuwa umeung'ata mwingine. Ule haukuwa mmea mmoja. Majani yalikuwa ya mwenye nyumba. Ua lilikuwa la mgeni asiye na jani hata moja, ananyonya kwa mrija. Mla kuku wa mwenziwe, miguu humwelekea.

Haki ya Mungu, nilitamani kunyamaza. Bibi wa watu angefurahi. Lakini siku moja mtaalamu mwingine angeitazama karatasi ile na kumcheka bosi wangu, na hilo nisingelivumilia.

"Bosi," nikamwita, "hapa pana mshono."

Alichungulia kwa lenzi muda mrefu. Hakugomba. Alifungua kabati la nne, akatoa karatasi kuukuu, na ua lilikuwa lile lile, limepewa jina kabla hatujazaliwa. Nilimhurumia.

Aliniomba nimsindikize kwa mama yake, nayo karatasi yetu tukaibeba. Tulimkuta sebuleni, amevaa gauni jipya kwa ajili ya kuupokea mmea wake. Miwani akaeleza yote huku akitazama zulia. Bibi alicheka hadi akakohoa. Alisema anamjua mwingine aliyekula kwa mwenzake na bado akapendeza: mwanawe, aliyekaa kwake hadi miaka thelathini na minane, akifuliwa soksi.

Kisha akaivuta karatasi, akaweka kidole juu ya yale majani ya mviringo.

"Na huyu anayelisha, anaitwa nani?"

Miwani akanitazama. Wiki tatu alihangaika na ua. Majani tuliyajua ukoo tu. Jina hatukuwa nalo, wala hakuna aliyelitafuta.

"Sijui, mama," alisema, na uso ukamchangamka. "Kwa kweli sijui."

Bibi akasema basi tusikae, chai tutakunywa siku nyingine. Akatusindikiza hadi mlangoni, akilitaja jina lake herufi kwa herufi, ili tusije tukakosea kuliandika.