Picha ya Kumaliza Filamu

Siku Valerie alipomletea babake kamera mpya, Makokha alisahau hata chai yake. Ilikuwa ya kidijitali, lakini mkewe Namalwa angeapa ni ile ya zamani, ya enzi za studio yao hapa Kitengela, kabla simu hazijawanyang'anya wateja. Mwili wa chuma, ngozi nyeusi, vigurudumu juu vya kuzungushwa kwa kidole. Hata lenzi kuukuu zilizokuwa zikilala kabatini ndani ya soksi ziliingia bila ubishi.

"Hii haichukui video," Makokha akamtambia mkewe. "Ni picha tu. Kamera iko na adabu!"

Namalwa alicheka, ila ule mlio, kacha!, ulimrudisha mbali. Alijiona tena nyuma ya studio, mikono imejaa unga. Wakati huo filamu haikupelekwa Nairobi kuoshwa mpaka iishe, na ikibaki picha moja, Makokha alipaza sauti: "Mama Valerie, njoo nimalize filamu!" Naye alitoka mbio akijipangusa kwa aproni. Ndizo picha zote za ujana wake. Alizipenda mno, japo alijua fika kwamba yeye alipata makombo.

Basi akangoja aitwe. Wapi! Makokha akapiga mbuzi picha, akapiga jirani Shirleen akianika nguo. Jumamosi wakaenda Kajiado, harusi ya Soipan, binti wa rafiki yao, na Namalwa akavaa kitenge kipya, akakaa karibu na mumewe makusudi. Mzee akapiga bibi harusi, akapiga akina mama na shanga zao, akapiga hata sufuria za pilau. Mkewe? Ng'o.

"Kwani hiyo kitu inaisha lini?" akauliza walipofika nyumbani.

"Haiishi!" Makokha akajibu kwa fahari.

Machozi yakamtoka Namalwa. "Kwa hivyo mimi sitapigwa tena? Hata makombo sipati?"

"Makombo gani?"

"Si ulikuwa unanipiga ile imebaki."

Makokha akaweka kamera mezani. "Imebaki? Mama Valerie, watu walikuwa wanapanga laini mpaka kwa kinyozi. Ingebaki aje? Nilikuwa nawafukuza nikiwaambia filamu imeisha, ndio nikuwekee yako."

Kumbe! Miaka yote hiyo, na yeye hakujua. Namalwa akavuta kiti, akaketi.

"Na sasa mbona hunipigi?"

Mzee akainama, akawa anazungusha kigurudumu ovyo. "Filamu ilikuwa inanipa sababu. Hii haiishi. Nikuite nikisema nini?"

Jamani, mtu mzima na wajukuu, bado anamwonea mkewe haya! Namalwa akajifuta macho, akatoka nje, akasimama penye mwanga.

"Niite tu," akasema. "Sema unataka kuniangalia."

Makokha akamfuata na kamera, akakohoa, akachungulia kwa Shirleen kama kuna mtu, kisha akasema hivyo hivyo.